Damu ya Kumi na Saba

Riyadh, Jumapili 4 Mei 2025

Shangazi yangu Mwanamize,

Shikamoo. Nimefika salama, damu zenu nazo zimefika salama, na hii ndiyo barua ya mkono uliyoniamuru niandike. Ulisema simu yako ni mtungi wa msikitini, kila apitaye anachota, na wallahi ni kweli. Juzi nilikutumia ujumbe kwamba nimesahau kanga yangu, nikajibiwa na wifi yako Bi Zuwena. Basi hii ataileta Ephraim, yule dereva Mkenya wa magari ya mizigo anayekwenda na kurudi Jidda kila siku mbili tatu. Nimemwambia akupe mkononi mwako, asimpe mtu mwengine hata akidai kuwa yeye ndiye wewe.

Ahsanteni kwa harusi ya mwanao Amir. Ahsanteni zaidi kwa kunivumilia asubuhi ya pili yake, nilipoigeuza sebule yako hospitali. Dokta Lina, mwalimu wangu hapa maabara, alikuwa akitaka damu za watu wa miaka hamsini na tano kwenda juu, wazima, wasiotumia dawa yoyote. Huku tulikuwa tukipata wanafunzi tu. Nikajitapa kwamba mimi nina shangazi yangu huko Jidda, mtaa wa Hindawiya, na mawifi na mashoga zake, wanawake wa Kizanzibari wanaopanda ngazi za ghorofa nne na mfuko wa mchele begani. Na mkajitokeza ishirini! Bado nacheka nikikumbuka nilivyowasomea masuali ya fomu. Bi Zuwena akasema yeye hana maradhi ila ya kusemwa na watu, na wewe ukasema dawa zako ni asali na habasoda. Selipher, muuguzi wetu, alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Uliniuliza tunazifanyia nini damu hizo. Nitajaribu kukueleza kwa Kiswahili, ijapokuwa nimeyasoma kwa lugha nyengine. Ndani ya damu mna chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili. Askari akiguswa na adui, kalsiamu, madini hayahaya ya maziwa na mifupa, humwingia ghafla, na hapo ndipo anapojua kwamba pana kazi. Sisi tunamtia rangi inayong'aa kijani pale kalsiamu inapoingia. Kisha baadhi yao tunawatilia dawa za sonona, zile wanazopewa watu wenye huzuni isiyoondoka, tuone kama mlango wa kalsiamu unafunguka vilevile au la. Ni hayo tu. Kazi ya kukaa gizani na kutizama taa.

Kesho naanza. Niombee dua.

Mwanao,
Arwa


Jidda, Ijumaa 9 Mei 2025

Mwanangu Arwa,

Marahaba, marahaba. Barua imefika, na huyo Ephraim wako ni mtu wa amana. Zuwena ndiye aliyemfungulia mlango wa chini, akanyoosha mkono. Ephraim akautia wake nyuma: "Pole mathe, nimeambiwa nipeane kwa mwenyewe tu." Hee! Wifi yangu hajamsamehe mpaka leo. Siku nzima anazunguka, barua gani hiyo ya kufichwafichwa? Nikamwambia mchumba wangu kaniandikia, na asimwambie kaka yake.

Bwana wangu Vuai anakusalimu. Yeye unamjua, salamu zake ni kutikisa kichwa, lakini katikisa mara mbili. Nakupelekea visheti na achari ya ndimu. Achari usile peke yake na tumbo tupu, halafu ukaanza kuniandikia habari za vidonda.

Kazi yako nimeifahamu, usidhani sikuifahamu. Nimeisoma mara tatu. Ila nna suali, na si langu mie, ni la jirani yetu wa ghorofa ya tatu, masikini. Yeye anazimeza hizo dawa za huzuni, mwaka wa pili huu. Je, askari wake wanakufa? Au wamelala? Akipatwa na homa kali wataamka? Nijibu wazi, usinizungushe, nikamwambie. Jina lake sikutajii, siri ya mtu ni siri ya mtu.

Shangazi yako,
Mwanamize


Riyadh, Jumatano 14 Mei 2025

Shangazi,

Yamenifika.

Katika zile damu ishirini, kumi na tisa ziliwaka vizuri zilipokuwa tupu, bila ya dawa. Moja, namba kumi na saba, ilififia. Sikuitia kitu, Shangazi, nayo imefifia sawasawa na zile nilizozitia dawa! Nimerudia mara tatu kwa akiba iliyobaki. Mara zote tatu ni yaleyale.

Dokta Lina anaamini nimeharibu. Anadhani nilitia dawa kwenye kisima, yaani kishimo cha sahani ya kupimia, kisichotakiwa kutiwa, au nilitumia ncha moja ya pipeti, ule mrija wa kunyonyea dawa, mara mbili, halafu naficha. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alisema kwa sauti yake ileile ya kuagiza chai kwamba mwenye mkono usioaminika hakai meza hii, na kama kufika tarehe 27 sijamletea sababu, nitatolewa maabara na ufadhili wangu utakatika. Miaka miwili yote, Shangazi, na baba keshawaambia watu msikitini kuwa mwanawe ni daktari wa chembe.

Namba kumi na saba ni nani wala sijui. Namba aligawa Selipher, na orodha ya majina imefungiwa kabatini, hatuna ruhusa ya kuitizama. Mimi kwangu nyote ni namba.

Kuhusu jirani yako, mwambie ni kweli, dawa zile zinafifiza taa. Mlango wa kalsiamu unafunguka nusu. Nisamehe, nimechoka na sina maneno zaidi.

Arwa


Jidda, Jumapili 18 Mei 2025

Mwanangu Arwa,

Pole. Pole sana. Huyo Dokta Lina naye ana roho gani? Mtoto kalelewa na watu, anajua kuosha mikono tangu hajajua kusema.

Hebu nikuulize, hiyo damu moja si muitupe tu? Ishirini ukitoa moja si zinabaki kumi na tisa, na kumi na tisa si nyingi? Mwambie ni damu ya mtu mzima, pengine siku ile kala sana pilau ya harusi. Au mwambie imeharibika kwenye ndege. Vitu vinaharibika kwenye ndege, hata samaki wa Amir waliharibika.

Jirani nimemwambia. Kasema ahsante.

Nakuletea bajia, zipashe moto kwanza. Barua fupi, nisamehe, kichwa kinanizunguka tangu juzi. Ni hili joto.

Shangazi yako


Riyadh, Jumatano 21 Mei 2025

Shangazi yangu,

Haitupwi. Ningetamani itupwe, lakini ukianza kutupa usilolipenda, huo si utafiti tena, huko ni kuchagua mchele. Dokta Lina angenifukuza kwa hilo haraka zaidi, na angekuwa na haki.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nimeanza kujishuku. Mtu akiambiwa wiki nzima kwamba mkono wake umekosea, anaanza kuuangalia. Pengine kweli nilitia dawa pale. Pengine nilikuwa nawaza mambo ya harusi. Basi jana nimeandika barua ya kukiri: kwamba nilikosea, kwamba nilijua, kwamba naomba radhi. Sikumbuki kukosea, lakini nimeandika, ili yaishe nirudi Jidda nikasomeshe skuli. Nitampa Jumanne kwenye kikao.

Mbona hujasema kama umekwenda kupimwa hicho kizunguzungu? Joto la Jidda umezaliwa nalo.

Arwa


Jidda, Ijumaa 23 Mei 2025

Arwa,

Usiipeleke hiyo barua. Ichane. Kama ushampa, mfuate ukamnyang'anye.

Ile damu ni yangu.

Kikadi alichonipa Selipher ninacho hapa mbele yangu, kimeandikwa kumi na saba kwa kalamu nyekundu. Nilikijua tangu barua yako ya tarehe 14. Siku tisa nimekijua, nikakwandikia habari za bajia. Mwenyezi Mungu anisamehe, na weye unisamehe.

Hakuna jirani wa ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu wanakaa Wamisri, wazima kama ngamia. Ni mie ninayemeza.

Sijui nianzie wapi. Sikufiwa, sikuachwa, sikukosa chakula. Niliamka siku moja, mwaka juzi, nikaweka nazi iliyokunwa mbele yangu nikamue tui, na mkono ukakataa. Nikakaa. Adhuhuri ikaadhiniwa, Vuai akarudi akanikuta palepale na nazi yangu imeanza kuchacha. Ikawa hivyo kila siku. Kuoga kazi, kusali kazi, kucheka ndio kabisa. Nilikuwa nasujudu nashindwa kuinuka, si kwa magoti, kwa kukosa sababu. Vuai akaegesha gari mbele ya mlango, akanipeleka kwa daktari mmoja mwanamke. Akanipa kidonge kimoja kila asubuhi. Mwezi wa kwanza si kitu. Wa pili nikakamua tui. Wa tatu nikamtania Vuai, na yule bwana, Arwa, akalia.

Ndiye peke yake anayejua, na Vuai hata umkate kidole hasemi. Vidonge naviweka ndani ya kopo la hiliki. Sasa utaniuliza, kwa nini ulisema asali na habasoda? Mwanangu, uliniuliza wapi? Uliniuliza sebuleni, umeshika karatasi, unasoma kwa sauti, watu ishirini wanasikiliza na Zuwena yuko ubavuni mwangu na kikombe chake. Zuwena ndiye aliyesema kwenye mazishi ya Bi Rukiya kwamba mtu anayemeza dawa za huzuni ni mtu aliyemwacha Mola wake. Watu wakaitikia! Mie pia niliitikia. Sasa ningesema nini pale? Nikasema asali, watu wakacheka, nikafurahi kuwa wamecheka.

Na jengine, nilimalize lote. Tangu uliposema mlango unafunguka nusu, nimeviacha. Siku ya tisa leo. Niliogopa, nikasema askari wangu wamelala na mie ndiye niliyewalaza. Kumbe kuviacha ndiko kunakonizungusha kichwa, nahisi kama umeme unanipita machoni, na nalia nikiona hata kuku kwenye televisheni.

Nimemwandikia Dokta Lina kwa Kiarabu, barua imo humu ndani. Jina langu, jina la dawa, jina la daktari wangu, na sahihi. Mwambie mkono wa mtoto wetu ni safi. Kama itabidi niseme mbele ya watu nitasema, hata kama Zuwena yupo. Nimeogopa ulimi wa mtu mmoja mpaka nikataka kukuchoma weye.

Mwanamize


Riyadh, Jumatano 28 Mei 2025

Shangazi yangu kipenzi,

Najua uliielewa ile simu yangu ya Jumamosi ya kukwambia urudi kwa daktari, japo ulikuwa ukinijibu "naam, naam, inshallah" kama mtu anayezungumza na benki. Nilisikia sauti ya Bi Zuwena nyuma yako nikajua. Kwa hiyo nilisema haraka haraka, sasa naandika taratibu, usome ukiwa peke yako.

Kwanza, Ami Vuai kaniletea ujumbe wa maneno manne: "Tumekwenda. Kaanza tena. Alhamdulillahi." Sijapata kusoma kitu kizuri kuliko hicho mwaka huu. Daktari wako ndiye wa kukwambia kiasi gani na kwa muda gani, si mimi, wala si Bi Zuwena. Dawa hizi haziachwi siku moja kama mtu anayezima redio. Ningekuwa nina akili ningekwambia hivyo tarehe 14, badala ya kukurushia mstari mmoja nikiwa na usingizi.

Na askari wako hawajafa, wala hawajalala. Tunachokiona sisi ni chembe zilizotolewa mwilini, zimekaa kwenye kisima kidogo, tumezichokoza makusudi. Taa ikififia pale, haina maana kwamba mwenye damu ni mgonjwa. Wako wanaodhani huenda ikawa faida kwa wengine, wale ambao askari wao wana vurugu mno, wanawashwa na kuvimba bila sababu. Wako wasiodhani hivyo. Bado hakuna anayejua vizuri, ndiyo maana tunatizama. Wewe mwaka juzi ulikuwa hukamui tui, sasa unakamua. Hilo tunalijua.

Sasa kikao. Jana niliingia kwa Dokta Lina. Sikuwa na barua yangu, niliichana, nilikuwa na yako. Dokta Lina akaisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akakaa. Halafu akaniuliza, "Huyu mama aliulizwa na nani, na wapi?" Nikasema niliuliza mimi, sebuleni, mbele ya mawifi zake, naye akajibu asali. Akafumba macho. Akasema, "Arwa, hata mimi ningesema asali."

Siku ileile walipima akiba kidogo iliyobaki ya damu yako kwa mashine nyengine, na dawa ikaonekana imo. Dokta Lina anasema dawa hizi hujificha ndani ya chembe hata uzioshe, kwa hiyo ilikuja na chembe zako kutoka Jidda. Mkono wangu haukukosea. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha, mlinzi akaniletea maji. Meza ni yangu, ufadhili upo.

Lakini kosa lipo, na ni langu. Mkono haukukosea, mdomo ulikosea. Nilijua kwamba suali lile huulizwa mtu akiwa peke yake, imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu. Nikaona, ah, hawa ni watu wangu, kwetu hakuna siri. Nimesomeshwa miaka sita nikasahau kwamba kwetu ndiko siri ziliko. Nisamehe, Shangazi. Ulikaa siku tisa na jambo zito kwa sababu nilifanya uvivu wa kufunga mlango.

Dokta Lina anataka wote ishirini waulizwe upya, mmoja mmoja, chumbani. Selipher atakuja wiki ijayo, kabla ya Idi. Nawe jina lako halitatajwa popote, barua yako kaifungia. Huna haja ya kumwambia mtu yeyote lolote.

Mwanao aliyelala saa tisa mfululizo,
Arwa


Jidda, Alhamisi 12 Juni 2025

Mwanangu Arwa,

Idi njema ya kuchelewa, na hongera tena, hongera mara mia. Umeme wa machoni umeondoka. Jana nimekaanga samaki nikawa naimba, Vuai akaja jikoni akasimama tu mlangoni, katikisa kichwa mara tatu.

Selipher alikuja kama ulivyosema. Kaweka kiti chumbani kwangu, kafunga mlango, anaita mmoja mmoja. Lo, hukuwaona watu! Waliobaki sebuleni kama wanangoja matokeo ya mtihani. Kuna nini huko ndani? Mbona mara ya kwanza tuliulizwa hapahapa? Bi Salme akasema labda imepatikana damu yenye maradhi ya kuambukiza. Zuwena akasema hapana, ni uzembe wa yule mtoto Arwa, kasoma mpaka kapitiliza, sasa anatusumbua watu wazima.

Hapo ndipo nilipoweka sinia chini. Ulinambia sina haja ya kumwambia mtu, na kweli sikuwa na haja. Lakini sikuweza kukaa nikasikia unatukanwa kwa jambo langu. Nikasema, "Arwa hana kosa. Damu ni yangu. Mie nameza dawa ya huzuni mwaka wa pili huu, tulipoulizwa hapa nikasema uongo kwa kuwaogopeni nyie. Nasali, nafunga, na nameza."

Hata Selipher kafungua mlango kutizama kulikoni. Bi Salme akanywa kahawa kikombe kitupu. Zuwena kaniangalia, kaweka kikombe chake chini, kajifunga buibui, kashuka kwake bila kuaga. Nikasema haya, leo laasiri Jidda nzima itajua, na magharibi Makka. Na unajua nini? Sikujali. Nilikula wali sahani mbili.

Siku ya kwanza hakuja. Siku ya pili hakuja. Sauti yake haisikiki, nyumba ikawa kama kafa mtu. Idi tukasali, kanipa mkono bila kunitizama. Wala hakuna aliyeniuliza mtaani, nikashangaa. Kumbe hakumwambia hata mwanawe.

Jana asubuhi, Vuai ametoka, nasikia anapanda ngazi polepole. Kaingia na bakuli, kasema sukari imemwishia. Nikamtilia. Hakuondoka. Kakaa kwenye kile kiti cha jikoni na bakuli lake mapajani, anaizungusha sukari kwa kidole. Kaniuliza, tui la jana lilikuwa zito? Nikasema zito. Kaniuliza Amir na mkewe hawajambo? Nikasema hawajambo. Halafu kanambia, kainamisha kichwa, sauti sijapata kuisikia kwake, "Mwanamize, mie sijalala vizuri tangu mwaka aliokufa Hamad." Hamad mumewe, Arwa. Miaka kumi na moja.

Nilimkumbuka kwenye mazishi ya Bi Rukiya, na sikuweza hata kukasirika. Nikamtilia chai.

Kanywa nusu. Kasema, "Huyo daktari wako, ni mwanamke?"

Nikasema ni mwanamke.

"Na anauliza akiwa kafunga mlango?"

Nikasema anafunga, na ufunguo anazungusha.

Basi tunakwenda Jumapili saa nne, mie na yeye. Vuai atatupeleka.

Shangazi yako,
Mwanamize